Samaki Gani Wanaweza Kukaa Pamoja Katika Kioo Kidogo?

(Maneno yaliyosemwa na komite ya vijana mbele ya mkutano mkuu wa umoja wetu, hapa Baraka. Tumeyaandika kwa ajili ya wanachama ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu walio mbali.)



Mwenyekiti ametupa nafasi leo juu ya jambo moja lililoleta maneno mengi katika umoja wetu, yaani wale samaki wa kioo. Katika mkutano uliopita mama mmoja alisimama akauliza mbele ya wote: «Sisi tumezaliwa ku ziwa, tumekula samaki tangu tumboni. Namna gani munanunua samaki ya kuangalia tu, halafu inakufa?» Watu walicheka, lakini sisi wa komite hatukucheka. Swali lilikuwa la haki, makuta yalikuwa ya wote. Njo maana leo tunajibu, na hatutaficha kitu.

Kwanza tukumbushe mambo yalivyoanza. Wafadhili walitusaidia kununua vioo, silikoni, pompi tatu ndogo za hewa, na betri moja ya sola. Fundi wetu wa vioo, ambaye kazi yake aliijifunza kule kambini Tanzania kabla ya kurudi, alitengeneza masanduku matatu. Lile la kwanza tuliliweka hapa hapa katika sala yetu. Urefu wake ni sentimita 60, upana 30, kimo 35. Pigeni hesabu: ni litri 63, na ukiondoa fasi ya mchanga na mawe, maji hayafiki 55. Mpango ulikuwa kwamba nyumba za wageni, ofisi na vituo vya afya wapende akwariamu ya samaki wa ziwa letu, sisi tuwauzie, na vijana wetu wapate kazi ya kuisafisha kila wiki.

Mvuvi mmoja rafiki yetu alituletea samaki 19 kutoka kwenye mawe ya upande wa Ubwari. Walikuwa wa aina tano: wa njano, wa mistari, weusi, wenye mikia kama mwezi. Tuliwamwaga wote siku moja. Watoto walijaa dirishani, sisi tukajisifu. Baada ya siku kumi walibaki watano. Na kati ya hao watano, mmoja alikuwa mkubwa anayewafukuza wenzake wanne kwenye kona moja, juu kabisa karibu na pompi, mapezi yamechanika.

Sisi tulifikiri ni ugonjwa. Wengine walisema ni jicho baya. Kumbe makosa yalikuwa yetu, na yalikuwa manne.

Makosa manne

Kosa la kwanza: walipandishwa haraka. Samaki ana kifuko cha hewa ndani ya tumbo. Ukimtoa chini, mita kumi au kumi na tano, ukamvuta juu kwa mara moja, ile hewa inavimba naye anavimba. Wachache walifika tumbo likiwa kama puto, wanaelea, hawawezi kuzama. Mvuvi wa samaki wa kula hana shida na hilo, maana anapeleka sokoni. Mvuvi wa samaki wa kuishi anapaswa kuwapandisha kidogo kidogo, anasimama, anangoja, anapandisha tena.

Kosa la pili: kioo kilikuwa kipya. Samaki anapokula, anaacha uchafu, na uchafu ule unatoa amonia. Amonia ni sumu. Katika ziwa kuna maji mengi, tena kuna vidudu vidogo vya bakteria ambavyo vinaigeuza amonia kuwa nitriti, halafu nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali mkubwa. Katika kioo kipya vidudu hivyo havijazaliwa bado. Vinahitaji wiki nne mpaka sita. Tena kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: maji ya Tanganyika yako na nguvu ya magadi, pH yake ni karibu 9. Katika maji ya namna hiyo amonia inakuwa kali zaidi kuliko katika maji ya mto. Basi tulichukua samaki 19 tukawaingiza katika maji ambayo yaligeuka sumu siku ya tatu, na maji yenyewe yalikuwa yanang'aa. Amonia haionekani kwa macho.

Kosa la tatu: walikuwa wengi mno. Hilo halihitaji mafundisho. Sisi tuliokaa kambini tunajua hema la familia moja likiwekwa familia tatu linakuwaje.

Kosa la nne, na njo kubwa kuliko yote: tuliwachagua kwa rangi. Hatukuuliza nani anaweza kukaa na nani.

Maswali matatu kabla ya kununua

Baada ya msiba ule hatukununua tena. Tulikaa chini. Tuliuliza wavuvi wazee, tuliuliza watu wenye kusomea mambo ya maji huko Uvira, tukasoma. Elimu hii haiko ngeni kwetu. Miaka ya 1946 na 1947 Wabelgiji walizunguka ziwa hili wakihesabu samaki, naye Max Poll akaandika majina yao. Miaka ya 1970 Pierre Brichard alikuwa Bujumbura, akitoa samaki wa ziwa hili wakiwa hai na kuwapeleka ng'ambo. Mpaka leo kuna watu Ulaya na Marekani wanaofuga nyumbani samaki ambao sisi tunawaona chini ya pirogi zetu. Ziwa lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa kuhe peke yake, na karibu wote hawapatikani fasi nyingine duniani. Kwa hiyo aibu ilikuwa juu yetu: wale wa mbali wanajua namna ya kuwatunza, sisi wenyeji hatujui.

Tuliyoyajifunza yanaingia katika maswali matatu. Mukitaka kununua samaki wa kioo, muulize haya kwanza.

Swali la kwanza: maji yake ni maji gani? Samaki wa Tanganyika anataka maji magumu, yenye magadi, joto la nyuzi 24 mpaka 27. Wale samaki wadogo wekundu na buluu wanaotoka Amazoni, neon tetra, wanataka maji laini yenye asidi kidogo. Ukiwaweka pamoja, lazima mmoja ateseke kila siku mpaka afe. Na yule samaki wa dhahabu anayeuzwa mijini anapenda maji ya baridi zaidi, anakuwa mkubwa kuliko mkono, tena anachafua sana. Huyo haingii katika kioo cha litri 63 hata akiwa peke yake.

Swali la pili: akikomaa atakuwa na urefu gani? Musimpime siku munayomnunua. Mtoto wa sangala ni mzuri akiwa kama kidole, lakini mama yake munamjua ku soko. Na samaki mkubwa hula kila kinachoingia mdomoni mwake. Huo haiko ubaya, njo chakula chake.

Swali la tatu: nyumba yake iko wapi, na anailinda namna gani? Wapo wenye kukaa kwenye mawe, wapo wa mchanga, wapo wa maji ya wazi katikati, wapo wenye kuingia ndani ya maganda ya konokono. Wawili wakitaka nyumba moja, watapigana. Kila mmoja akiwa na nyumba ya namna yake, wanaweza kupita mbele ya mlango wa mwenzake bila vita. Na wale wanaofanana sana kwa umbo na kwa mistari njo wanaochukiana zaidi, maana kila mmoja anamwona mwenzake kuwa mnyang'anyi wa mke na wa nyumba.

Tuwaangalie mmoja mmoja

Sasa tuwataje wale tuliowaweka mara ya kwanza, ili muone kosa lilikuwa wapi.

Wale weusi wenye mkanda ni Tropheus. Ni samaki wa mawe, kazi yake ni kukwangua majani ya kijani juu ya jiwe kutwa nzima. Utumbo wake ni mrefu. Ukimpa chakula cha nyama nyingi tumbo linavimba anakufa. Na kwa ukali, wao kwa wao hawana huruma. Ukiweka watatu, mkubwa atamwua wa pili, kisha wa tatu. Wanaowafuga vizuri wanaweka kundi la kumi na wawili au zaidi katika kioo cha litri 200 na kupita, ili ukali ugawanyike, asipatikane mmoja wa kuonewa kila siku. Tena musichanganye Tropheus wa Ubwari na Tropheus wa pwani nyingine: watazaana, na watoto hawatakuwa wa huku wala wa kule. Kwa kioo chetu kidogo, jibu ni hapana.

Wale wenye mkia kama mwezi ni Neolamprologus brichardi, waliopewa jina la yule Brichard. Kwa sura ni wapole sana, na kwa familia yao wanashinda wengi wetu: watoto wa uzao wa kwanza wanabaki nyumbani kusaidia kulinda wadogo zao. Lakini shida yao iko hapo hapo. Wakishazaa, ukoo mzima unakuwa jeshi moja, na wageni wote wanasukumwa pembeni mpaka kufa. Yule mkubwa aliyewafukuza wenzake wanne alikuwa huyo. Mukimpenda, mumweke na jamaa zake peke yao, musimchanganye na mtu.

Wale warefu wa maji ya wazi, Cyprichromis, hawana ugomvi mkubwa, lakini wanatembea kwa kundi, wanataka urefu wa kuogelea, na wakiogopa wanaruka nje. Wawili tuliwakuta asubuhi sakafuni. Sisi hatukuweka kifuniko.

Wale wa njano wenye mistari myeusi ya kwenda urefu ni Julidochromis ornatus. Wanakaa mume na mke katika ufa wa jiwe, na kila mmoja hafiki sentimita kumi. Hawa wanafaa, kwa sharti tatu: wawe jozi moja tu, wawe na rundo lao la mawe, na musilipange upya lile rundo. Ukivunja nyumba yao, ndoa nayo inaweza kuvunjika, na mwenye nguvu atamwua mwenzake.

Mwisho kuna wale wadogo ambao hatukuwapa heshima siku ile, kwa sababu rangi yao ni ya udongo. Ni samaki wa maganda: Lamprologus ocellatus na Neolamprologus brevis. Munajua yale maganda makubwa ya konokono yanayolala chini ya ziwa kwa wingi, watoto wanayaokota. Ndani ya ganda moja samaki huyu analala, anajificha, anataga mayai na kulea watoto. Dume la ocellatus ni kama sentimita tano, jike ni dogo zaidi. Anachimba mchanga kwa mdomo, analizika ganda mpaka unabaki mlango tu, kisha anasimama mlangoni kama askari. Ukiingiza mkono kusafisha, atakuuma kidole. Kwa ocellatus kila mmoja anataka ganda lake. Kwa brevis mume na mke wanaingia katika ganda moja.

Mapatano tuliyofikia

Kwa hiyo leo umoja wetu una mipango miwili tu ya kuuza, hakuna wa tatu.

Kioo cha litri 63: samaki wa maganda peke yao. Ocellatus dume moja na majike mawili, mchanga laini wa sentimita tano mpaka saba, na maganda nane au kumi. Maganda yawe mengi kuliko samaki, ili asiwepo wa kukosa nyumba. Basi. Mutasema ni wachache. Lakini hao watatu wanafanya kazi kutwa nzima, na wakizaa, mutaona watoto kama punje za mchele wakichungulia mlangoni. Watoto wakikua, wapunguzwe, wapewe kioo kingine.

Kioo cha sentimita 80 kwa 35 kwa 40, yaani litri 112: samaki wa maganda upande mmoja juu ya mchanga, na upande wa pili rundo la mawe lenye jozi moja ya ornatus. Katikati tunaacha uwanja mtupu, usio wa mtu. Mpaka ukiwa wazi, ugomvi unapungua.

Kazi ya kila siku ni ndogo, lakini haikubali uvivu. Tunatumia maji ya ziwa, tunayachota mbali na fasi ya kufulia, maana sabuni inaua. Mwenye kutumia maji ya bomba yenye klorini ayaache wazi ndani ya ndoo siku nzima na usiku kwanza. Kioo kipya kinakaa wiki nne mpaka sita kabla ya kupokea samaki wote. Tunakipa chakula kidogo, na tunachukua kipande cha sponji ya chujio la zamani tukitie ndani ili bakteria wahamie. Kila wiki tunatoa robo ya maji na kurudisha mapya. Sponji tunaiosha ndani ya maji yale yale yaliyotolewa, si kwa maji ya bomba, tusije tukaua bakteria wetu.

Chakula ni kidogo, kile kinachoisha ndani ya dakika mbili. Kizuri kuliko vyote ni viluwiluwi vya mbu kutoka ndoo ya maji safi ya mvua. Hapo tunapata faida mara mbili.

Na umeme? Betri ikiisha usiku, pompi inasimama. Katika kioo chenye samaki watatu hakuna kilio: kijana wa zamu anachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu mara kwa mara, hewa inaingia mpaka asubuhi. Katika kioo chenye samaki 19, asubuhi ingekuwa mazishi. Kwa fasi kama yetu, uchache wa samaki ni betri ya pili.

Musisahau uzito pia. Litri moja ni kilo moja. Kioo cha litri 63 pamoja na mchanga na mawe kinapita kilo 80. Musikiweke juu ya meza ya kulia chakula.

Jambo tunaloomba mulikate leo

Sasa tunafika kwenye neno gumu. Mwenye nyumba moja ya wageni alikuja kuona kioo chetu, akapenda. Anataka kioo cha litri 63, lakini anataka ndani yake Tropheus weusi, brichardi, wale wa njano, na samaki wa dhahabu wawili aliowaona Bujumbura. Alisema: «Mimi ninalipa, ninyi muweke.» Bei aliyotaja ingerudisha karibu makuta yote tuliyopoteza.

Sisi wa komite tulimwambia hapana. Tulimwonyesha mipango yetu miwili, akaondoka bila kufurahi. Wengine wenu mumetulaumu: «Mteja mwenyewe ametaka, samaki wakifa ni shauri lake.» Wandugu, tulifikiri hivyo pia usiku mmoja. Lakini tukaona hivi: wakifa baada ya siku kumi, atasema kwa kila mgeni kwamba waliorudi kutoka Tanzania ni wadanganyifu. Jina hilo tulilisikia mwaka tuliposhuka bandarini na mabegi yetu, na imetuchukua miaka mingi kulifuta. Tena kijana wetu njo atakayetumwa kila asubuhi kuwatoa wafu mbele ya wageni. Na wale samaki ni wa ziwa hili, hawana kosa.

Kwa hiyo tunaomba mkutano ukubali mambo manne. Moja, tusiuze mchanganyiko ambao tunajua utakufa, hata kwa bei kubwa. Mbili, tusimtoe samaki ziwani bila kibali cha wakubwa wa uvuvi na mazingira, tusitumie dawa ya sumu kuwakamata, wala tusichukue maganda yote ya fasi moja. Tatu, samaki wa kigeni asitupwe ziwani hata siku moja, hata kama mwenyewe amechoka naye. Nne, hasara ya samaki 14 iandikwe katika buku la hesabu kama hasara, isifichwe chini ya neno «usafiri».

Kwa wafadhili wetu: asanteni. Tunajua hamkutuma vioo ili mupate habari za vifo. Mukitaka kutusaidia tena, musitume mapambo ya plastiki wala chakula cha rangi. Tutumieni vipimo vya amonia na vya pH, na kipima joto kwa kila kioo. Kama tungekuwa na kipimo kimoja cha amonia siku ile ya tatu, tungebadilisha maji, na pengine nusu wangepona.

Na kwa mama aliyeuliza: kioo cha sala kina samaki watatu sasa. Wiki iliyopita kulionekana watoto. Karibu uje uwahesabu, sisi tumefika kumi na moja, lakini hawakai.



(Baada ya maneno haya wanachama walijadiliana kwa muda mrefu. Mambo yote manne yalikubaliwa kwa kuinua mikono. Hasara imeandikwa katika buku. Kioo cha pili kinangoja wiki zake zitimie kabla ya kupewa samaki, na anayekitaka aandikishe jina kwa mweka hazina.)